Mita ya Nyumba Namba Ishirini na Tatu

Jumatatu, 6 Aprili

Idara ya Maji imetugawia madaftari. Kila msoma mita aliyebaki kazini aandike kila siku amekutana na nani, wapi, na kwa umbali gani, ili mmoja wetu akiugua wajue wa kuwafuata. Wameacha mistari kumi na miwili kwa siku. Aliyepanga mistari hiyo hanijui. Leo nimekutana na mbwa mmoja, kwa umbali wa hatua mbili, yeye akiwa ndani ya geti na mimi nje, na nashukuru fundi aliyechomelea lile geti.

Mistari kumi na mmoja imebaki. Nimeona vibaya kuiacha tupu.

Wenzangu waliovuka miaka sitini na wenye kisukari wamerudishwa nyumbani. Mimi nina hamsini na nne na kitambi ambacho daktari hajakipa jina la ugonjwa, kwa hiyo nimebaki. Nimeongezewa mtaa wa juu, nyumba arobaini na moja, ambao sikuwahi kuusoma. Kazi yenyewe haina siri: unachuchumaa kando ya geti, unafunua kifuniko cha chuma, unafuta tope kwa kidole, unasoma tarakimu, unaziingiza kwenye kimashine cha mkononi, unainuka huku magoti yakilalamika.

Mvua haijakatika tangu jana. Barabara tupu. Lakini mita zinakimbia! Watu wamefungiwa ndani na wananawa kama madaktari wa upasuaji.

Jumatano, 8 Aprili

Nyumba namba ishirini na tatu. Nimechuchumaa, mwavuli begani, nikasikia sauti kutoka barazani.

"Wewe! Unafanya nini hapo?"

"Nasoma mita, mama."

"Basi soma kwa sauti. Mimi nami nipo darasani."

Nikasoma, tarakimu moja moja. Akauliza zinasema nini. Nikamwambia zinasema anaishi peke yake na ana bustani. Akasema, "Ya bustani ungeiona kwa macho. Hiyo nyingine umeisemea nini mbele ya majirani?"

Ni mwalimu mstaafu, jiografia, miaka thelathini na minne. Mjane. Alikuwa na shali ya kahawia na redio ndogo magotini. Mwalimu wa nyumba namba 23, hatua nane. (Nimeandika, Idara iridhike.)

Ijumaa, 10 Aprili

Mvua. Sikukutana na mtu. Kimashine kimeingia maji, nami pia.

Jumatano, 15 Aprili

Mita husomwa mara moja kwa mwezi. Leo nimeisoma ya ishirini na tatu mara ya pili ndani ya wiki moja. Nitaeleza.

Kwenye mzunguko wa barabara kuna kizuizi cha askari. Ukifika unaonyesha kitambulisho na orodha ya kazi ya siku kwenye kimashine. Nyumba ambayo haimo kwenye orodha, huna ruhusa ya kwenda mtaa wake. Kwa hiyo ukiwa na sababu yako ya kupita mahali, unaiongeza nyumba kwenye orodha. Na ukishaiongeza, kimashine hakikubali kuzimika mpaka ukiingizie tarakimu. Kitalia kama kifaranga aliyepotezana na mama yake. Nami ni mtu mwaminifu, sibuni tarakimu. Hivyo nilichuchumaa, nikasoma.

"Wiki iliyopita si ulisoma?" akauliza Mwalimu.

"Ni uhakiki, mama."

"Ahaa. Uhakiki."

Kisha akaniuliza kama nimesikia redio, nchi ipi imelegeza vizuizi. Hapo ndipo aliponionyesha daftari lake, kutoka kule barazani, amelinyanyua juu kama anayeonyesha ramani kwa waliokaa nyuma. Binti yake yuko ng'ambo, nchi ya mbali, amejifungua Machi. Yuko peke yake. Mume alisafiri kikazi nchi nyingine kabla ya mipaka kufungwa na huko ndiko aliko mpaka leo. Mwalimu alikuwa na tiketi. Ndege zikasimama siku nne kabla.

Sasa ili amfikie mjukuu, serikali tatu lazima zifungue: yetu, ile ya nchi ya kubadilishia ndege, na ile ya binti. Yetu ina awamu, moja hadi tano. Ya katikati ina rangi. Ya binti ina ngazi, na ngazi zao zinahesabiwa kutoka juu kwenda chini, hivyo kushuka ndiyo kupanda. Kila moja ameipa ukurasa, na kila jioni anaisahihisha kwa kalamu nyekundu.

"Yetu nimeipa tano kwa kumi," akasema. "Inajibu swali ambalo halikuulizwa."

Alhamisi, 16 Aprili

Dada yangu mkubwa amepiga simu. Anataka kujua nakula nini. Nimemwambia ukweli, akakata.

Jumatano, 29 Aprili

Nimekuwa mtaa wa juu Jumatatu, Ijumaa iliyopita, na leo. Uhakiki.

Mwalimu ananiita Bwana Maji. Ananisomea habari za dunia nami nachuchumaa pale kifuniko kikiwa wazi, ili anayepita aone niko kazini. Kuna serikali, anasema, imeruhusu watu thelathini msibani na kumi harusini. "Maana yake bi harusi akitaka wageni wengi afe kwanza." Kuna nyingine imefungua maduka ya rangi lakini si ya brashi. Nyingine imetoa kitabu cha kurasa sitini cha jinsi ya kurudi kazini, na kurasa kumi na moja ni za lifti. Nilicheka mpaka nikaangusha kimashine kwenye shimo la mita.

Nilipotoka pale nilijikuta natembea polepole, na mvua inanyesha. Mtu mzima, na kitambi, natembea polepole mvuani.

Jumatatu, 11 Mei

Nchi ya katikati imetoka nyekundu kwenda machungwa. Mwalimu alipiga makofi mawili tu, kama anayeita darasa. Nami nikasema, "Hongera, Mwalimu," nikafunga kifuniko kabla ya wakati.

Niandike hapa, kwa kuwa hakuna wa Idara atakayesoma mpaka niugue. Nataka vizuizi viondolewe. Nimechoka kula mezani nikiangalia kiti cha mbele. Nataka geti lile lifunguliwe, niulizwe kama naongeza sukari. Lakini kila mlango unaofunguliwa duniani unamsogeza yeye kwenye ndege. Kila asubuhi nasikiliza redio nikiomba watulegeze, na papo hapo naomba wasiharakishe. Serikali zenyewe nadhani ndivyo zinavyoomba.

Jumatano, 20 Mei

Mvua zimekatika. Leo amesema, "Bwana Maji, shusha hiyo barakoa nikuone. Uko hatua nane, hewa ni ya kila mtu."

Kumbe kweli, tangu tufahamiane sijawahi kumwonyesha zaidi ya macho na kofia ya Idara. Nikaishusha. Akanitazama kwa utulivu, kama anayekagua ramani iliyochorwa na mtoto.

"Nilidhani una masharubu."

"Samahani, Mwalimu."

"Hapana. Afadhali."

Hayo tu. Nimeyabeba kutwa nzima. Nimefika nyumbani nikajitazama kwenye kioo cha bafuni kutafuta hiyo afadhali iko upande gani.

Ijumaa, 22 Mei

Nimenyoa vizuri. Hakuwa barazani.

Jumatatu, 1 Juni

Awamu ya pili imetangazwa. Saluni, mafundi wa viatu, maktaba bila kukaa. Wageni majumbani bado, mpaka awamu ya nne. Viwanja vya ndege, "kwa kadri hali itakavyoruhusu". Mwalimu ameipunguzia serikali alama moja kwa neno kadri.

Ijumaa, 12 Juni

Msimamizi wetu tunamwita Presha, kwa sababu ndiye anayesimamia presha ya mabomba na kwa sababu nyingine mnazoweza kuzikisia. Ameniita ofisini. Kati ya meza yake na kiti changu ameweka mabenchi mawili.

"Kaa. Nyumba namba ishirini na tatu, mtaa wa juu. Una taarifa gani?"

"Ipo salama, bosi."

Akageuza skrini. Safu ndefu. Tarehe, tarakimu, tarehe, tarakimu.

"Usomaji ishirini na sita," akasema. "Ndani ya wiki tisa. Mita hii unaisoma kama gazeti."

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nilifungua mdomo kwa nia hiyo hiyo. Lakini mtu wa miaka hamsini na minne anaanzaje kumwambia Presha kwamba alikwenda kusikiliza habari za lifti?

"Nahisi inavuja, bosi," nikasema.

Uso wake ukabadilika kabisa. Akainuka, akataka kunipa mkono, akakumbuka, akanipungia kiwiko kutoka ng'ambo ya mabenchi.

"Hii ndiyo kazi! Wengine wangekadiria tu. Wewe umefuatilia siku tisini!"

"Sitini na tano, bosi."

"Jumatatu natuma mafundi wachimbe."

Jumapili, 14 Juni

Nimejaribu kumpigia Presha mara tatu. Mara ya nne nikaiweka simu chini kabla haijaita.

Jumatatu, 15 Juni

Mafundi wanne, sururu mbili, koleo mbili. Nilipofika walikuwa wameshafika kiunoni. Bustani ya Mwalimu ile iliyokuwa ikinywa maji, ile ya maua mekundu kando ya njia, ilikuwa lundo la udongo kando ya ukuta. Mwalimu amesimama barazani, shali mkononi, hasemi kitu. Mwalimu asiyesema kitu ni jambo la kutisha sana, nilisahau tangu shule.

Hawakuona uvujaji. Bomba lilikuwa zima kama lilivyolazwa. Fundi mkubwa akasema, "Labda chini kidogo," akapiga sururu mara moja ya mwisho, na hapo ndipo uvujaji ulipopatikana. Maji yalipanda mpaka usawa wa dirisha.

Wakafunga koki ya bomba hilo. Kipande cha bomba cha kuungia hakipo ghalani, kitakuja Jumatano, kwa sababu kiwanda kinafanya kazi kwa zamu za nusu. Siku mbili bila maji, kwa mwanamke anayeishi peke yake, katika msimu ambao serikali zote duniani zimekubaliana jambo moja tu, kunawa mikono.

Mafundi walipoondoka nilikwenda kituo cha maji, nikajaza madumu manne, nikayasukuma kwa mkokoteni wa Idara kupanda mtaa mzima. Nikayapanga getini. Kisha nikashusha barakoa bila kuambiwa.

"Mwalimu," nikasema, "haivuji. Haikuwahi kuvuja. Mimi ndiye nilikuwa nakuja."

Alishuka ngazi, akaja mpaka hatua nne, akasimama ukingoni mwa lile shimo lililokuwa bustani yake.

"Unadhani sijui?" akasema. "Mita gani husomwa mara tatu kwa wiki? Nimefundisha miaka thelathini na minne, Bwana Maji. Namjua mwanafunzi anayekuja ofisini kuomba chaki na darasani kwao boksi limejaa."

"Basi kwa nini hukunifukuza?"

"Chaki za kumpa nilikuwa nazo."

Nikakusanya ujasiri wote niliobaki nao, haukujaa kisoda cha chupa. Nikamwambia kwamba sikuwa nakuja kwa ajili ya habari za dunia. Kwamba tangu mke wangu afariki nimeishi kama mtu anayesubiri kuitwa jina kwenye foleni, na sasa siku ambazo siusomi mtaa huu naziona ndefu. Kwamba angekuwa tayari, nisingependa kubaki mtu wa getini.

Akatazama shimo, akatazama madumu.

"Sijibu mambo mazito kwenye geti," akasema. "Wala nikiwa sina maji. Subiri awamu ya nne. Uje ukae kwenye kiti, kama mtu, nikujibu."

Jumanne, 16 Juni

Madumu manne. Hatukuongea habari ile. Amenifundisha mito mikubwa ya dunia kwa mpangilio wa urefu.

Jumatano, 17 Juni

Bomba limeungwa. Nimemweleza Presha kila kitu, kwa maandishi, maana kwa mdomo nisingemaliza. Ameniandikia onyo la kwanza katika miaka ishirini na saba ya kazi. Chini yake ameongeza kwa mkono: *Alisemaje?*

Alhamisi, 25 Juni

Nimepanda upya maua kando ya njia yake, yeye barazani akinielekeza. Eti nimeyapanda kwa mstari kama watu wa foleni ya benki, umbali wa hatua moja moja.

Jumatatu, 6 Julai

Dada amepiga. Nimemwambia kuna mtu. "Anakula nini?" akauliza. Nikamwambia sijui, sijawahi kuingia ndani. Akasema, "Wewe mtoto, umri wote huo bado unasimama nje?"

Ijumaa, 10 Julai

Redio, saa moja asubuhi. Viwanja vya ndege vinafunguliwa Jumatano, kwa ndege chache. Awamu ya nne, wageni majumbani, kuanzia Jumatatu tarehe 20.

Nilifika ishirini na tatu na kalamu nyekundu tayari ilikuwa mezani, daftari limefungwa. Nchi ya katikati ni kijani. Nchi ya binti imetoa vibali vya kuingia kwa wazazi wa waliojifungua; chake kimekuja jana, kinadumu siku kumi tu. Ndege iko moja kwa wiki. Nafasi imepatikana Jumamosi tarehe 18.

Kumi na nane. Na ishirini. Sikuhitaji kimashine kujua ni siku mbili.

"Serikali tatu zimekubaliana," akasema. "Sikutegemea kuliona hilo nikiwa hai." Hakutabasamu.

Jumatano, 15 Julai

Baridi na vumbi. Watu wanatoka na miguu migeni, wanasalimiana kwa mbali kama ndugu wa ukoo uliogombana. Nimepita tu. Hakukuwa na sababu ya kupita, na hakuna aliyeniuliza sababu. Askari wameondolewa kwenye mzunguko.

Jumamosi, 18 Julai

Teksi ilipangwa saa nne. Abiria mmoja tu kwa teksi, na uwanjani haingii asiyesafiri, kwa hiyo kuaga ni hapa hapa. Nilifika saa mbili. Mwalimu alikuwa barazani na masanduku mawili, moja lake na moja la nguo za mtoto ambazo kwa sasa zitakuwa zimeshakuwa ndogo.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Ilikuwa inahusu siku mbili. Kwamba siku mbili si kitu, kwamba Jumamosi ijayo ipo ndege nyingine, kwamba kibali chake kinaisha kesho Jumapili kama nimehesabu sawasawa, na watu wa vibali ni binadamu, wanaongeza. Nilikuwa nayo yote kichwani. Alishuka ngazi, akaja mpaka getini. Hatua mbili. Kwa mara ya kwanza niliona ana kovu dogo juu ya nyusi.

"Najua unachotaka kusema," akasema.

"Sijasema kitu, Mwalimu."

"Ukiniomba nibaki siku mbili, nitabaki. Nimejipima jana kutwa, na hilo ndilo nililoliona." Akashika chuma cha geti. "Binti yangu hajalala tangu Machi. Kwa hiyo nakuomba, usiniombe."

Teksi ilipiga honi mwisho wa mtaa. Nikainua masanduku, mkono huu na huu, nikayapeleka barabarani. Yalikuwa mazito, nami nilifurahi, kwa kuwa mtu aliyebeba mizigo miwili hawezi kuongea vizuri. Dereva akayapulizia dawa pamoja na mikono yangu.

Aliketi nyuma, akateremsha kioo.

"Umenisikiliza," akasema. "Wanafunzi wengi hawanisikilizi."

Sikumwomba. Nimeandika hapa ili iwepo mahali kwamba sikumwomba. Mwalimu wa nyumba namba 23, hatua mbili, saa nne na dakika tano.

Jumatatu, 20 Julai

Awamu ya nne. Mtaa mzima wamevaa vizuri, wanatembeleana na masufuria yaliyofunikwa. Nimerudi nyumbani mapema.

Jumapili, 26 Julai

Yuko karantini ya hoteli, siku kumi na nne, dirisha halifunguki. Amepiga simu mara mbili. Binti huja chini barabarani na kumnyanyua mtoto juu amwone. "Namwona kama chungwa," akasema. "Chungwa lenye kofia."

Jumapili, 2 Agosti

Amemshika. Alinitumia tu sauti ya mtoto akilia. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko inavyostahili mtoto wa mtu mwingine.

Ijumaa, 7 Agosti

Wagonjwa wameongezeka kule. Ngazi zimepandishwa tena, zote, ndege zimesimama. Hawajasema mpaka lini.

Jumatatu, 10 Agosti

Nilikuwa naanza mtaa wa juu, siku ya kawaida ya mwezi, simu ikaita.

"Uko wapi, Bwana Maji?"

"Nyumba namba moja."

"Mtoto amelala kifuani kwangu, siwezi kunyanyuka, na huku haturuhusiwi hata kwenda kwenye ngazi za jengo. Hebu niambie mtaa."

"Nikwambie nini?"

"Wote. Nyumba moja moja. Ukifika ya mwisho nitakujibu lile la getini."

Nikaweka simu sikioni, kimashine mkono wa pili, nikaanza. Namba mbili, wamepaka ukuta rangi ya bluu, nusu, rangi imeisha. Namba sita, mume anamfundisha mkewe baiskeli na mke ndiye anayepiga kelele za maelekezo. Namba kumi na nne, fundi cherehani ametoa mashine nje, anashona sare za shule, zimeanikwa kwenye ua kama darasa zima. Nilimsikia anapumua, na nyuma yake mwingine anapumua kwa kasi ndogo zaidi. Namba ishirini na tatu nilimwambia maua matatu yamekufa na saba yameshika. "Saba kwa kumi," akasema. "Endelea."

Kuanzia thelathini nikapunguza mwendo. Nilieleza mabati. Nilieleza paka. Nyumba namba thelathini na nane nilielezea komeo la geti, na komeo lenyewe ni la kawaida tu. Mambo ya kusikitisha nimeshayapokea mengi kwa simu, nikiwa nimesimama barabarani hivi hivi, na mtaa huu una nyumba arobaini na moja basi.

"Umefika?" akauliza.

"Bado," nikasema. Nilikuwa nimeegemea ukuta wa arobaini na moja kwa muda mrefu.

"Bwana Maji."

"Nimefika, Mwalimu."

"Sijui serikali hizi zitafungua lini. Inaweza kuwa Desemba, inaweza kuwa mwakani. Lakini siku nitakayorudi, hiyo baraza sitaikalia tena peke yangu. Umenielewa, au nirudie?"

"Rudia," nikasema. Akarudia, polepole, kama kwa wale wa nyuma.

Kisha akasema, "Mtoto bado amelala. Geuka sasa, tushuke nao mtaa tena, mpaka namba moja."